Sahani ya Hattie

"Nimejenga nyumba nzuri nyeupe, sikuweka mlango wala dirisha," alisema Bibi Lavonne, huku amemkamata mjukuu wake mkono asije akateleza kwenye barafu ya maegesho.

"Yai," Hattie akajibu papo hapo. "Hilo la watoto wa chekechea, Bibi. Tega lingine."

"Haya, mjanja. Mgeni wangu hana mguu wala mdomo, lakini akiingia ndani wote mnavaa makoti."

"Baridi."

"Umenimaliza. Sasa zamu yako."

Hattie alipiga teke kipande cha barafu. Alikuwa na miaka minane, lakini ndani ya lile koti la zambarau ungesema ana mitano. Mikono ilikuwa imezama hata ncha za vidole hazionekani. "Anakaa na sisi mezani," akasema polepole. "Sahani hana. Lakini anashiba yeye peke yake."

"Otis," alisema Bibi Lavonne. Otis alikuwa mbwa wa babu, na tangu majira ya baridi yaanze alikuwa amenenepa mpaka tumbo linapangusa zulia.

Hattie akacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. "Hapana. Ila umekaribia."

"Basi nakupa mji. Chukua Cleveland nzima, na ziwa lake."

"Sitaki Cleveland," Hattie akasema. "Utakuja kujua mwenyewe."

Mbele yao Shauna, mama yake Hattie, alikwisha kufika mlangoni pa mkahawa wa Rosalba na alikuwa amesimama na mkono kwenye kitasa, hafungui. Bibi Lavonne alimwona akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka ndani ya maji.

Haikuwa siku ya kuja hapa. Bibi Lavonne alilijua hilo tangu asubuhi. Jumatatu, keshokutwa yake, Hattie alikuwa anarudishwa kwenye mizani ya daktari. Tangu Krismasi alikuwa amepungua ratili tatu, na daktari, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alikuwa amesema hivi: ngano inapenya mahali fulani. Tumbo la mtoto huyu haliwezi ngano, hata chembe, na mahali fulani anailishwa bila ninyi kujua. Akipungua tena Jumatatu, tutamlaza na kumpitishia mpira puani wa kumlishia. Mpira puani! Shauna alikuwa ametupa vikaango vyote vya nyumbani kwake, na vijiko vya mbao, na kibaniko cha mkate. Kisha akaanza kuziangalia siku za Jumanne na Alhamisi, siku ambazo Hattie alishinda kwa bibi yake akitoka shule. Aliziangalia tu.

Lakini babu Delbert alikuwa anatimiza miaka sabini na mitano, na alichokitaka ni kimoja: kula kwa Rosalba saa kumi jioni, kabla watu hawajajaa, kama alivyofanya kila siku yake ya kuzaliwa. Bibi Lavonne ndiye aliyepiga simu kubembeleza. "Wana vyakula visivyo na ngano siku hizi, mwanangu. Vimeandikwa kabisa." Mwishowe Shauna akasema, "Sawa, mama."

* * *

Waliwekwa kwenye meza ya pembeni, yenye makochi mekundu na vitambaa vyekundu vya kufutia mikono vilivyokunjwa kama pepeo za mkono. Babu Delbert akakaa katikati, dada yake Arlene kulia kwake, Bibi Lavonne kushoto. Craig, mtoto wao, akakaa mkabala na mke wake Shauna, na Hattie katikati ya bibi na mama yake.

"Vua koti, mama," Craig akamwambia Hattie.

"Nasikia baridi."

Wakubwa wakatazamana. Mtoto asiye na nyama mwilini atakosaje kusikia baridi? Wakamwacha nalo.

Mhudumu akaja, msichana wa nywele za manjano, jina lake Brandi limebandikwa kifuani. Kabla hata hajasalimia aliweka mezani kikapu cha ile mikate mirefu kama vidole vya jitu, inayong'aa siagi, ile ambayo kwa Rosalba unaletewa bure na ukiimaliza unaongezewa. Mvuke wake ukapanda. Shauna akajirudisha nyuma kama aliyewekewa nyoka.

"Samahani, dada. Unaweza kuiweka kule mwisho? Mtoto hawezi ngano."

"Oo." Brandi akakisogeza kikapu shubiri moja. "Ni mzio wa kweli, au ni yale mambo ya kupunguza mwili?"

Alisema kwa nia njema, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kupigania masikio na muziki. Meza ya jirani wakageuka. Mwanamke mmoja alimpandisha Hattie macho na kumshusha, kisha akamnong'oneza mumewe.

"Mtazame," Shauna akasema taratibu. "Unamwona ni wa kupunguza mwili?"

Brandi akaona haya mpaka shingo ikawa nyekundu. "Nitamwita meneja."

"Na naomba kuuliza. Tambi zisizo na ngano mnazichemsha kwenye maji yale yale? Chujio je? Jiko la kuchomea kuku, kuna mkate unaowekwa pale?"

"Mama, mimi… nitamwita meneja," Brandi akarudia, na akaenda karibu mbio.

Shangazi Arlene alikwisha kuvunja mkate wake. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mdomo unaotangulia na moyo unaofuata nyuma baadaye sana. "Enzi zetu," akasema, akitafuna, "sikusikia mtoto aliyeuawa na mkate. Tulikula mkate na mafuta ya nguruwe, na tazama."

"Tunakutazama," alisema babu Delbert, "na hatuoni mwisho wako."

Craig akacheka. Hata Hattie akatabasamu. Shauna hakucheka, alikuwa anapangusa meza mbele ya mtoto kwa karatasi yenye maji aliyoitoa mkobani, anapangusa na kupangusa palepale mpaka mbao zikang'aa.

Meneja alikuwa mwanamume mfupi mwenye mikono safi, aliyechuchumaa ili awe sawa na uso wa Shauna. "Twende jikoni ukaone mwenyewe," akasema. "Nitampikia mimi, kwa mikono yangu."

Shauna akamtazama mumewe, akamtazama mama mkwe wake. "Asiguse kitu mpaka nirudi," akasema. "Mama, unanisikia?"

"Nenda, mwanangu. Niko hapa."

Wakaondoka. Craig naye akainuka kwenda kupokea simu ya kazini nje ya mlango. Na hapo ndipo Brandi aliporudi na bakuli la saladi.

Nani asiyelijua bakuli lile? Ni moja, kubwa, la meza nzima, limejaa majani mabichi na zeituni na vitunguu, na juu yake vile vipande vya mkate mkavu uliokaangwa, na mafuta yakiteremka. Katika familia yao ya Haskett bakuli hilo halipakuliwi na mwingine ila Bibi Lavonne. Alipakua kwenye harusi, akapakua kwenye misiba. Akishika zile koleo mbili za kupakulia, kila mtu husogeza sahani yake bila kuambiwa.

Na Hattie, kwa mazoea, akasogeza ya kwake.

Bibi Lavonne akasita. Alimwangalia mtoto, mifupa ya mashavu imetokeza, macho makubwa. Alikuwa na njaa, nani asingeona? Asiguse kitu. Lakini haya si majani tu? Jani lina ngano gani? Mwenye ubaya ni mkate, na mkate unaonekana kwa macho. Akaegemea bakuli, na kwa vidole vyake viwili, vidole vya bibi aliyewahi kuchambua maharage na mchele na nywele za watoto, akatoa vipande vya mkate upande mmoja wa bakuli, kimoja kimoja, mpaka akahakikisha hakuna hata kidogo. Akachagua majani ya chini. Akayapangusa pangusa kwa upendo. Akaweka kwenye sahani ya Hattie, pamoja na zeituni mbili, kwa sababu alijua anazipenda.

"Kula, kipenzi. Bibi amekuchambulia."

Hattie akayatazama yale majani. Akamtazama bibi yake. Kwa muda mfupi kabisa kitu kilipita usoni pake, kitu cha kizee, kisha akashika uma na kusema, "Asante, Bibi."

"Umeona?" alisema Shangazi Arlene. "Mtoto anakula vizuri akiachwa. Lavonne, hebu nambie, yule Shauna analala kweli? Mbona macho yamemzama?" Bibi Lavonne akageuka kumjibu, wakazungumza kidogo juu ya Shauna, na alipogeuka tena sahani ya Hattie ilikuwa nyeupe, haikubaki kitu.

Moyo wake ukachanua kwa furaha. "Kitambaa chako kiko wapi, ujifute?"

"Kimeanguka."

"Chukua changu."

* * *

Shauna alirudi uso umelegea kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Nyuma yake meneja, ameshika sahani mwenyewe kwa mikono miwili: kuku wa kuchoma na tambi za mchele, bila mchuzi. Siku hizi Hattie hakutaka mchuzi kwenye chakula chochote. Juu ya tambi kulichomekwa kijibendera cha kijani.

"Sufuria yake, maji yake, glavu mpya," meneja akasema. "Na saladi yake inakuja peke yake, kwenye bakuli dogo. Msimpe hiyo ya mezani. Kuna watu huondoa mkate wakadhani wamemaliza. Unga unakuwa umekwisha kunyunyika kote, umeshikana na mafuta. Chembe moja usiyoiona inatosha."

Bibi Lavonne alikuwa ameshika glasi ya maji. Aliiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kama inayoweza kupasuka.

Chembe moja usiyoiona. Na yeye alikuwa amezipangusa zile chembe kwa vidole, akazisambaza. Alitazama ncha za vidole vyake. Vilimeta mafuta, na ndani ya mikunjo, kama angevaa miwani, pengine angeuona huo unga. Akamgeukia Hattie, na Hattie alikuwa anamtazama yeye, moja kwa moja, na akatikisa kichwa kidogo sana: usiseme.

Mungu wangu, Bibi Lavonne akawaza. Mtoto ananifichia siri mimi.

Alijua yatakayofuata, alikwisha kuyaona mara moja mwezi wa Oktoba, kwa sababu ya kipande kimoja cha biskuti shuleni. Saa mbili za kungoja bila dalili. Kisha mtoto huwa mweupe kama karatasi, kisha ndoo, na ndoo, na ndoo, mpaka anatapika maji ya njano na kulia bila sauti. Siku tatu hali kitu. Na Jumatatu mizani. Na baada ya mizani, mpira.

Na kama akinyamaza? Nani atajua? Shauna atasema ni jikoni kwa Rosalba. Atamlaani yule mtu mfupi mwenye mikono safi. Bibi atabaki na Jumanne zake na Alhamisi zake, na vitendawili vyake. Jambo hilo lilimpitia kichwani, naye akaliona lilivyo baya, lakini hakulifukuza mara moja.

"Lavonne, mbona huli?" aliuliza babu Delbert.

"Nakula."

Alikata kipande cha kuku, akakisukuma pembeni ya sahani. Upande wake wa pili Shauna alikuwa ameinamia sahani ya mtoto. "Kidogo tu, mama. Ni salama. Nimeona kwa macho yangu, ni salama kabisa. Jaribu." Macho ya Shauna yalifuata uma kutoka sahani hadi mdomoni, na kutoka mdomoni hadi kooni. Craig, ambaye alikwisha kurudi, alikuwa akiangalia pia. Na Shangazi Arlene. Hattie alitafuna tambi moja kwa muda ambao mtu mwingine angemaliza sahani.

Ghafla taa zikapunguzwa na makofi yakaanza. Wahudumu sita wakaja kwa mstari, Brandi mbele na keki ndogo yenye mshumaa mmoja, wakiimba kwa kupiga makofi wimbo ule wa Rosalba ambao hakuna anayejua maneno yake. Babu Delbert akafunika uso kwa mikono, akijidai anaona aibu, na meza zote za jirani zikashangilia. Wote wakamgeukia. Akapuliza. Moshi ukapanda. Taa zikarudi.

"Hattie!" Shauna aliita kwa sauti iliyopasuka. "Hattie, umekula! Craig, tazama. Tazama sahani!"

Nusu ya tambi ilikuwa imekwisha, na kuku karibu wote. Shauna aliufunika mdomo kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka, anampapasa mtoto mgongo juu ya lile koti. "Miezi miwili sijaona hivi. Mama, umeona? Asante kwa kunisukuma nije. Asante, mama."

Neno hilo ndilo lililomshinda Bibi Lavonne. Angetukanwa, angenyamaza. Lakini asante hakuweza kuibeba.

"Nimempa saladi," akasema.

"Nini?"

"Ulipokuwa jikoni. Ya bakuli. Niliutoa mkate kwa mkono, nikadhani… Nilimpa majani. Akamaliza."

Wahudumu walikuwa bado wanapiga makofi wakirudi, sasa kwenye meza nyingine. Tabasamu la Shauna halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, kisha likaanguka.

"Nilikuambia asiguse kitu."

"Uliniambia."

"Nilikuuliza kama unanisikia."

"Uliniuliza, mwanangu."

"Shauna, mama hakukusudia…" alianza Craig.

"Najua hakukusudia! Hakuna anayekusudia, Craig. Hakuna hata mmoja." Alikuwa amesimama, anakusanya mkoba, anatafuta funguo kwa haraka mpaka mkoba ukamwagika. Vikaviringika mezani karatasi za kupangusia na chupa ya dawa ya kutuliza tumbo. "Na Jumanne? Jumanne unamchambulia nini, mama? Ndiko inakotoka? Nimetupa kila kitu nyumbani kwangu. Kila kitu!"

"Nyumbani kwangu sijawahi…"

"Hujui! Ndiyo maana nakuogopa. Hujui kama umewahi au hujawahi."

Yule mwanamke wa mwanzo alikuwa amegeuka kabisa bila hata kujificha. Shangazi Arlene alifungua mdomo, kisha, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaufunga. Babu Delbert akazima utambi wa mshumaa wake kwa vidole, ingawa ulikwisha kuzimika.

Hattie alikuwa amelikumbatia koti lake kwa mikono yote miwili, na uso ulikuwa mweupe tayari.

* * *

Wakaenda kwa Bibi Lavonne, kwa sababu ni dakika chache tu na Shauna hakutaka jambo lile limkute mtoto garini. Shangazi Arlene alipanda gari lake akaenda kwake bila kuaga. Koti la Hattie likatundikwa kwenye kigingi cha mlangoni. Yeye akalazwa kwenye kochi na blanketi, ndoo ya samawati ikawekwa chini ya kichwa chake, taulo juu ya ndoo. Shauna akakaa sakafuni, mgongo kwenye kochi. Craig akasimama dirishani. Nje theluji ilikuwa inaanza, nyepesi, na mwanga wa jioni ulikuwa na rangi ya majivu.

Walingoja.

Bibi Lavonne alikuwa jikoni, amesimama katikati ya sakafu yake mwenyewe kama mgeni. Alifungua kabati akaona mfuko wa unga. Sufuria ile, alipikia nini Jumanne? Ubao ule wa kukatia, aliusugua vizuri? Kisu je? Kopo la siagi, Delbert si huchovya kisu chenye makombo ya mkate? Kila kitu macho yake yalichokigusa kilimgeukia. Jikoni alipopikia miaka arobaini palikuwa pameota meno, naye hakuwa ameona. Akanawa mikono. Akanawa tena. Akanawa mpaka ikawa myekundu, na bado alihisi unga.

"Anaanza?" aliuliza babu Delbert kwa kunong'ona kutoka kiti chake.

"Bado," alisema Shauna.

Saa ya ukutani ilitembea. Hattie alikuwa anatazama dari. Kila alipomeza mate Shauna aliinua ndoo, kisha akaishusha.

"Tumbo, mama?"

"Haliumi."

"Kichwa?"

"Hapana."

Muda wa saa mbili ukafika, ukapita. Hakuna kitu. Shauna alianza kumtazama Craig, na Craig akaanza kutazama saa. Wangeweza kufurahi, lakini hofu ya namna ile haiaminiki. Ikichelewa unadhani imejificha mahali pabaya zaidi.

Ndipo waliposikia kitu kikianguka kule mlangoni.

Otis alikuwa amelivuta koti la zambarau chini kutoka kwenye kigingi. Alikuwa amelala juu yake na tumbo lake kubwa, pua imezama mfukoni, mkia unapiga ukuta, na alijua anachokitafuta, hakuwa anabahatisha. Akatoa kitambaa chekundu. Akakishika kwa makucha, akakifunua taratibu, kama anayefunua zawadi ambayo huletewa kila wiki.

"Otis! Toka!" Bibi Lavonne akakimbilia, akakinyakua.

Kilikuwa kimelowa mafuta. Ndani mlikuwa na majani ya saladi, yale yale aliyoyachagua, na zeituni zote mbili. Alipiga magoti palepale. "Hakula," akasema. Kisha akapaza sauti. "Shauna! Hakula! Saladi hii hapa! Hakula hata jani!"

Shauna alifika kwa kutambaa, kwa kukimbia, haijulikani. Akalishika jani, akalibusu, jani la mkahawa lenye mafuta. "Ee Mungu, asante. Craig, hakula!" Craig akaegemea ukuta. Babu Delbert akasema, "Aa, msichana wa akili huyo," na akajifuta macho.

Lakini Bibi Lavonne alikuwa bado anatazama mfuko wa koti, kwa sababu ulikuwa bado umetuna. Akaingiza mkono. Akatoa kitambaa cha pili, ambacho ni kile alichompa yeye mwenyewe. Akakifunua juu ya magoti yake.

Kuku. Vipande vyote, vimepangwa vizuri. Na tambi za mchele, zimeshikana kama kiota. Na katikati yake kijibendera cha kijani.

Furaha ikakatika ghafla. Walisikia mkia wa Otis tu, unapiga ukuta.

Craig alimtazama mbwa. Alimtazama muda mrefu, mgongo wake mpana, shingo yenye mikunjo, tumbo linalogusa sakafu. "Jumanne," akasema. "Na Alhamisi."

"Na nyumbani?" Shauna aliuliza bila kugeuka. Hakuwa na nguvu ya kugeuka. "Hattie, nyumbani hakuna mbwa. Nyumbani unapeleka wapi?"

Kutoka kwenye kochi sauti ndogo ikajibu, "Chooni."

"Lakini ni salama, mwanangu. Nakupikia mimi. Nakuambia kila siku ni salama."

"Unasema ni salama," Hattie akasema. Alikuwa amekaa sasa, blanketi mpaka kidevuni. "Lakini uso wako hausemi hivyo. Unanitazama kama nitakufa. Wote mnanitazama hivyo. Nikila naogopa, nikimeza naogopa, halafu nasikia tumbo linauma hata kama haliumi. Nisipokula, siumwi, na ninyi mnalala."

Shauna aliinama, akalia. Craig akamshika.

Kumbe hapakuwa na ngano yoyote iliyopenya. Haikuwa sufuria ya Shauna wala ubao wa Bibi Lavonne. Waliyekuwa wanamlisha kila siku, kila mlo, ni mwingine. Bibi Lavonne alilijua sasa jibu la kile kitendawili cha maegesho: hofu. Anakaa nao mezani, sahani hana, anashiba yeye peke yake. Wao ndio waliomkaribisha. Kila mmoja alimvutia kiti. Jumatatu mizani ingesema itakalosema. Daktari angeambiwa ukweli, na pengine mpira ungepita puani na pengine usingepita. Usiku wenyewe ulikuwa bado haujaingia, na mtoto hakuwa na kitu tumboni tangu asubuhi, pengine tangu jana.

Aliinuka kwa kushika ukuta. Akaenda jikoni. Hakugusa sufuria yoyote kati ya zile. Alichukua birika la chai, lisilowahi kupikiwa kitu ila maji, akatia maji, akatia mayai mawili na maganda yake, akawasha. Alisimama pale mpaka yakaiva. Akayaweka kwenye kikombe akaja nayo sebuleni, yakitoa mvuke.

"Hattie," akasema. "Nimejenga nyumba nzuri nyeupe."

Hattie akashusha blanketi kidogo, na Bibi akaendelea.

"Sikuweka mlango wala dirisha. Basi nani ameweza kuingia?"

Hattie aliyatazama mayai. "Hakuna," akasema mwishowe.

"Si mimi na vidole vyangu?"

"Hapana."

"Si makombo ya babu?"

"Hapana, Bibi."

"Mlango utauvunja wewe mwenyewe. Mimi sigusi." Aliweka kikombe kwenye meza ndogo, karibu na mtoto. Kisha akamgeukia Shauna, ambaye macho yake, mekundu, yalikwisha kuganda kwenye kile kikombe, na kwenye mikono ya mtoto, na kwenye koo lake. "Mwanangu," Bibi Lavonne akamwambia kwa upole, "nisamehe la leo. Kisha njoo hapa dirishani. Na wewe Craig. Delbert, geuza kiti."

"Nigeuze kiti?"

"Geuza. Tunaangalia theluji."

Shauna hakutaka. Ilibidi Bibi Lavonne amshike mabega na kumgeuza, kama mtu anavyomgeuza mtoto wakati wa kucheza kibe. Wakasimama wanne, migongo chumbani, nyuso kwenye kioo. Theluji ilikuwa inaanguka juu ya gari la Craig, na juu ya kisanduku cha barua. Shauna alifumba macho ili asitazame hata taswira yao kwenye kioo. Mkono wake ulitafuta mkono wa Bibi Lavonne, ukaupata, ukaubana mpaka pete ikaingia nyamani.

Hakuna kilichosikika. Otis alikuna sikio. Hakuna kilichosikika tena.

Kisha, nyuma yao, ganda likagonga ukingo wa kikombe. Mara moja. Mara mbili. Likapasuka. Walisikia vidole vikimenya, vipande vidogo vikidondoka mezani, na kisha kimya ambacho Bibi Lavonne angekikumbuka muda wote uliombakia, kwa sababu hakuna kati yao aliyethubutu kuvuta pumzi.

"Bibi," sauti ikasema, mdomo umejaa. "Chumvi iko wapi?"

Chumvi ilikuwa kwenye rafu karibu na dirisha. Bibi Lavonne aliichukua, akaunyosha mkono nyuma ya mgongo wake bila kugeuka, akangoja mpaka vidole baridi vikaipokea.